CR3 au CR4: kipokezi kipi cha komplementi ukipime, kipi ukizuie, na lini uviache vyote viwili

Anayepanga jaribio kuhusu namna seli za kinga zinavyotambua vijidudu vilivyokwisha kuwekewa alama na mfumo wa komplementi, yaani kundi la protini za damu zinazosaidia kinga, hukutana mapema na swali ambalo vitabu vingi vya kiada hulipita kwa sentensi moja: afuatilie kipokezi cha tatu cha komplementi, yaani CR3, au cha nne, CR4? Vitabu huvitaja pamoja, husema kwamba vyote viwili hushika kipande kilekile cha protini ya C3, kisha husonga mbele, na msomaji hubaki akiamini kwamba kimoja ni nakala ya kingine na kwamba kuchagua ni suala la kingamwili ipi imo ndani ya jokofu la maabara. Imani hiyo imeharibu majaribio mengi. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mtaalamu wa maabara au mtafiti ambaye hana budi kuamua, na msimamo wake ni kwamba uamuzi hutegemea kwanza tendo la seli linalochunguzwa, pili aina ya seli na mnyama ilikotoka, na kwa nadra sana kipande cha komplementi chenyewe.

Tuanze na vinavyolingana, kwa sababu humo ndimo mkanganyiko unamozaliwa. CR3 na CR4 ni integrini (protini za juu ya seli za kushikia vitu) za familia ya beta-2, na kila kimoja kimeundwa kwa minyororo miwili ya protini iliyoshikana juu ya utando wa seli. Mnyororo mmoja, CD18, wenye uzito wa takriban kilodaltoni 95, ni wa vyote viwili. Mnyororo wa pili ndio unaotofautiana: CR3 kina CD11b, wa kilodaltoni zipatazo 165, na CR4 kina CD11c, wa kilodaltoni 150. Jeni za CD11b na CD11c, ITGAM na ITGAX, zimepakana kwenye kromosomu ya 16, ilhali jeni ya CD18, ITGB2, iko mbali nazo kwenye kromosomu ya 21. CD18 huungana pia na CD11a kufanya LFA-1, integrini ambayo haina kazi ya kushika komplementi lakini imo kwa wingi kwenye limfosaiti na chembe nyingine nyeupe za damu. Jambo hili dogo litarejea kutusumbua tutakapofika kwenye kuzuia. Katika maandishi ya zamani CR3 huitwa Mac-1 au αMβ2, na CR4 huitwa p150,95 au αXβ2, kwa hiyo anayetafuta makala za kale ayatafute majina yote.

Kinachoshikwa na vyote viwili ni iC3b. Komplementi inapowashwa, C3 hukatwa na kutoa C3b, ambayo hujifunga kwa kiungo imara cha kikemia juu ya bakteria, kuvu au seli iliyokufa. Muda si mrefu faktor I, ikisaidiwa na faktor H au na protini nyingine za udhibiti, huikata C3b na kuigeuza iC3b. Kipande hiki kipya hakiwezi tena kuendeleza mnyororo wa komplementi, lakini kinabaki kimeng'ang'ania palepale kilipo, na ndicho alama ambayo CR3 na CR4 huitafuta. Kikiendelea kukatwa, sehemu kubwa iitwayo C3c huondoka na C3dg hubaki juu ya uso wa kijidudu. Anayetaka kuchunguza C3b yenyewe aende kwa CR1, na anayeshughulika na C3dg kwenye seli B aende kwa CR2. Ulinganisho huu hautamfaa.

Hata kwenye iC3b ileile, hata hivyo, vipokezi hivi havishiki mahali pamoja. Sehemu ya CD11b inayoshika, iitwayo kikoa I, hukamata upande wa iC3b ambao baadaye ungebaki kama C3d. Muundo wa kristali wa kikoa hicho kikiwa kimeshikana na C3d ulichapishwa mwaka 2013. Kwa CD11c, picha za hadubini ya elektroni zilionyesha kwamba kinachoshikwa kiko upande wa C3c. Maana yake kwa mpangaji wa jaribio ni nzito kuliko inavyoonekana. Kwanza, hakuna sababu ya lazima ya kimuundo inayofanya vipokezi hivi viwili vigombee molekuli moja ya iC3b. Pili, chembe iliyopakwa iC3b ambayo imeachwa muda mrefu kwenye seramu, hadi C3c ikaanza kuondoka, bado ina kitu cha kumpa CR3 lakini imempunguzia CR4 riziki yake. Kwa hiyo anayelinganisha vipokezi hivi kwa kutumia chembe zilizopakwa komplementi, kisha asijue muda zilizokaa kwenye seramu wala asipime ni kipande gani kilichobaki juu yake, analinganisha vitu viwili kwa mizani isiyo sawa.

Nje ya komplementi, kila kimoja kina marafiki wengi. Vyote viwili hushika fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, na ICAM-1, protini ya kushikamania iliyo juu ya seli nyingine. CR3 hupendelea protini zenye chaji chanya, na zaidi ya kikoa I kina sehemu nyingine, karibu na shina la CD11b, inayotambua beta-glukani za ukuta wa kuvu. CR4 huelekea kwenye chaji hasi na kwenye protini zilizoharibika umbo lake. Mtu anayeuliza kuhusu kuvu ana sababu ya kuanza na CR3, ila akumbuke kwamba tangu mwaka 2001 inajulikana kwamba makrofaji, yaani seli kubwa za kinga zinazomeza vijidudu, zina kipokezi kingine mahususi cha beta-glukani, Dectin-1, na kwamba uzito wa kila kimoja hutofautiana: kwenye makrofaji za panya Dectin-1 hutawala, ilhali kwenye nyutrofili za binadamu, chembe nyeupe za damu zinazomeza bakteria, CR3 kina nafasi kubwa zaidi.

Kumeza: hapa CR3 kinashinda

Swali likiwa ni umezaji wa chembe zilizopakwa iC3b na seli za binadamu, chaguo la kwanza ni CR3, na sioni sababu ya kulizungukazunguka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd mjini Budapest, ambao wamefanya kazi ndefu ya kuvitenganisha vipokezi hivi kwenye monosaiti (seli za damu zinazoweza kugeuka makrofaji), makrofaji na seli za dendriti (zinazoonyesha vipande vya vijidudu kwa seli T) za binadamu, walikuta kwamba umezaji wa bakteria waliopakwa iC3b unabebwa zaidi na CR3, ingawa CR4 kipo kwa wingi juu ya seli zilezile.

Namna CR3 kinavyomeza nayo inafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu huamua jinsi jaribio litakavyosomwa. Kijidudu kilichopakwa kingamwili, kikishikwa na vipokezi vya Fc, yaani vinavyoshika mkia wa kingamwili, huzingirwa na mikono ya utando inayopanda pande zote na kukifunika. Kijidudu kilichopakwa iC3b na kushikwa na CR3 huonekana kuzama ndani ya seli bila mikono mirefu kujitokeza. Tofauti hiyo ina mizizi ndani ya seli: mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba njia ya Fc inahitaji protini za Rac na Cdc42, na njia ya CR3 inahitaji Rho. Zaidi ya hayo, makrofaji iliyotulia inaweza kukishika kijidudu kwa CR3 bila kukimeza hadi ipate kichocheo cha ziada. Ndiyo maana kuhesabu tu chembe zilizonata kwenye seli si kipimo cha umezaji. Zilizo nje lazima zitenganishwe na zilizo ndani, kwa rangi isiyopenya utando au kwa njia nyingine yenye kuaminika. Matokeo mengi yanayosema kwamba CR3 kimemeza yangesomeka vizuri zaidi kama yangesema kwamba kimeshika.

Kuingia kwa njia ya CR3 mara nyingi huwa ni kuingia kimyakimya, bila mlipuko mkubwa wa oksijeni yenye sumu unaoambatana na vipokezi vya Fc, na kukishika CR3 kwenye monosaiti hupunguza utoaji wa IL-12, ishara inayochochea kinga. Vijidudu vinavyoishi ndani ya seli vimelijua hilo kabla yetu. Bakteria wa kifua kikuu huingia katika makrofaji za binadamu kupitia CR1, CR3 na CR4, na vimelea vya leishmania navyo hutumia CR3. Kwa mtafiti wa kifua kikuu, basi, kuchagua CR3 peke yake ni kuacha mlango mmoja wazi: makrofaji za vifuko vya hewa vya mapafu, ambazo ndizo huanza kukutana na bakteria hao, zina CR4 kwa wingi. Hapo ningeshauri vipimwe vyote viwili tangu mwanzo, hata kama bajeti inalalamika.

Nje ya damu kuna eneo moja ambako CR3 hakina mshindani wa kweli, nalo ni ubongo. Maikroglia, ambazo ndizo makrofaji za ubongo, hubeba CR3, na utafiti wa mwaka 2012 kwa panya wachanga ulionyesha kwamba hukitumia, pamoja na C3, kupogoa sinapsi za njia ya kuona zinapokuwa zinapangwa upya. Anayeshughulika na sinapsi na komplementi achague CR3 na aendelee na kazi.

Kushikamana: hapa CR4 kinashangaza

Kwa miaka mingi CR3 ndicho kilichopewa sifa ya kuzishikamanisha seli na fibrinojeni. Kundi lilelile la Budapest, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2016, lilivizuia vipokezi kimoja kimoja kwa kingamwili na kukuta kinyume kwa monosaiti, makrofaji na seli za dendriti za binadamu: CR4 ndicho kilichotawala mshikamano na fibrinojeni. La ajabu zaidi, kuzuia CD11b hakukupunguza mshikamano wa baadhi ya seli hizo, bali kuliuongeza. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba vipokezi hivi hugombea mashine ileile ya ndani ya seli inayoviunganisha na mifupa ya seli, kwa hiyo kimoja kikiondolewa uwanjani kingine hupata nafasi zaidi.

Ugunduzi huu unapaswa kubadili namna ya kuchagua. Mtu anayezuia CD11b, akaona mshikamano haukupungua, akahitimisha kwamba integrini za beta-2 hazihusiki, atakuwa amekosea kwa sababu ya chaguo lake na si kwa sababu ya seli zake. Kwa maswali ya mshikamano, mwendo na utengenezaji wa podosomu (vijiguu vya kushikamania chini ya seli) katika seli za jamii ya monosaiti, CR4 ndicho kipokezi cha kuanza nacho. Kwa nyutrofili mambo hubaki kama zamani: CD11c juu yake ni kidogo, CD11b ni nyingi, na CR3 ndicho chenye kazi.

Seli gani, mnyama gani

Makosa mengi zaidi hutokea hapa kuliko kwenye kipengele kingine chochote, kwa sababu CD11b na CD11c hutumiwa kila siku kama vitambulisho vya seli na watu ambao hawana haja hata kidogo na komplementi. Kwa mazoea, CD11c humaanisha seli ya dendriti na CD11b humaanisha seli ya jamii ya mieloidi, kama monosaiti, makrofaji au nyutrofili. Mazoea hayo yalizaliwa kwenye wengu la panya, na hata huko hayatoshi.

Kwenye mapafu ya panya, makrofaji za vifuko vya hewa zina CD11c nyingi na CD11b kidogo, kwa hiyo anayechuja seli kwa CD11c peke yake atazihesabu makrofaji hizo kuwa seli za dendriti, ingawa zingetambulika mara moja kama angeongeza alama yao nyingine, Siglec-F. Kwa binadamu, monosaiti za damu zina CD11c ya kutosha kabisa, na seli za dendriti za aina ya plazmasaiti hazina CD11c, ilhali kwa panya zinayo kwa kiwango cha chini. Seli za NK, yaani limfosaiti zinazoua seli zilizoambukizwa, nazo hubeba vipokezi hivi. Kuna pia seli B zenye CD11c, ambazo huongezeka kwa umri na katika ugonjwa wa lupasi; hizi zimekuwa somo kubwa tangu mwaka 2011. Panya waliotengenezwa mwaka 2002 ili seli zao zenye CD11c ziuawe kwa sumu ya dondakoo walisaidia sana kuelewa kazi ya seli za dendriti, lakini baadaye ilibainika kwamba sumu hiyo huangamiza pia makrofaji za mapafu na baadhi ya makrofaji za wengu. Mtu akisoma kwamba seli za dendriti ndizo zilizokosekana katika jaribio la namna hiyo, ana haki ya kuuliza ni nini kingine kilichokosekana.

Kwa kingamwili zenyewe, M1/70, iliyotengenezwa kwa panya wakubwa wa maabara (rat) mwishoni mwa miaka ya 1970, ina faida adimu ya kutambua CD11b ya panya na ya binadamu. CD11c haina urahisi huo: N418 hutambua ya panya, na kwa binadamu hutumiwa nyingine kama 3.9 au B-ly6. Maabara inayofanya kazi na binadamu na panya kwa wakati mmoja, na yenye fedha za kingamwili moja tu, itajikuta inaelekea CR3 kwa sababu hiyo ya kawaida kabisa, na hakuna aibu katika hilo mradi iandike wazi kwamba imefanya hivyo.

Katika uchunguzi wa saratani za damu chaguo hugeuka. CD11c yenye kung'aa sana kwenye seli B, pamoja na CD25, CD103 na CD123, ni sehemu ya picha inayotambulisha saratani ya damu ya seli zenye vinyweleo. Hapo CD11c hutafutwa kama alama tu. Hakuna anayeiuliza inashika nini.

Kupima wingi na kupima utayari ni mambo mawili

Tuseme sasa chaguo limekwisha kufanywa na kinachotakiwa ni kupima. CR3 kwenye nyutrofili ni kigeugeu. Sehemu kubwa yake haiko juu ya seli bali imehifadhiwa ndani ya vifuko vidogo, na seli ikiguswa na kichocheo kama C5a au fMLP, vifuko hivyo huungana na utando na wingi wa CD11b juu ya seli hupanda mara kadhaa ndani ya dakika chache. Mabadiliko ya joto nayo yanatosha kuleta hali hiyo: damu iliyopozwa kwenye barafu kisha ikapashwa, au iliyozungushwa kwenye sentrifuji mara nyingi ili kutenga seli, huja mezani ikiwa tayari imepandisha CD11b. Mgonjwa anaweza kuonekana mwenye nyutrofili zilizochochewa, kumbe zilichochewa njiani kutoka wodini. Kwa hiyo CD11b ya nyutrofili ipimwe kwenye damu nzima, mapema iwezekanavyo, kwa joto moja lisilobadilika, na sampuli ya mtu mwenye afya isafiri pamoja na ya mgonjwa kwenye kasha lilelile.

Wingi, hata ukipimwa vizuri, hausemi kama kipokezi kiko tayari kushika. Integrini hizi huweza kukaa zimejikunja na kufungwa, kunyooka bila kufunguka, au kunyooka na kufunguka, na hali ya mwisho ndiyo yenye nguvu ya kushika. Muundo wa sehemu yote ya nje ya CR4, uliochapishwa mwaka 2010, ulisaidia sana kuonyesha jinsi mkunjo huo ulivyo. Kwa CR3 kuna kingamwili iitwayo CBRM1/5, iliyoelezwa mwaka 1993, ambayo hutambua umbo lililofunguka la CD11b pekee, na hata kwenye nyutrofili zilizochochewa hupata sehemu ndogo tu ya CR3 iliyopo. Kwa upande wa CR4, wengi hutumia kingamwili zinazotambua CD18 iliyofunguka au kunyooka, kama vile 24 na KIM127, ambazo hazisemi ni ndugu gani wa familia aliyefunguka. Hii ni sababu ya wazi ya kuchagua CR3 pale swali linapohusu utayari, si kwa kuwa kina maana zaidi bali kwa kuwa kina chombo bora cha kukipimia.

Jambo moja zaidi kuhusu mrija wa damu. Kushika kwa integrini hutegemea ioni, hasa za magnesi, na EDTA, kizuia kuganda kwa damu, huzinyakua ioni za magnesi na kalisi. Damu iliyochukuliwa kwenye mrija wa EDTA inafaa kuhesabia CD11b na CD11c, lakini haifai kupimia kushika kwao wala umbo lililofunguka. Heparini, kizuia kuganda kingine, ni bora kwa kazi hiyo. Manganizi nayo, ikiongezwa kwenye myeyusho, hulazimisha integrini kufunguka. Ni kidhibiti kizuri cha kuonyesha kwamba kipimo kinafanya kazi, ila matokeo yake yasichukuliwe kuwa ndiyo yanayotokea mwilini.

Ukitaka kuzuia

Kingamwili dhidi ya CD18 huvutia kwa sababu huzima CR3 na CR4 kwa pamoja, lakini huzima LFA-1 pia, na seli isiyo na LFA-1 ina matatizo yake mengine ya kushikamana na ya kuzungumza na seli jirani. Tumia CD18 kuthibitisha kwamba familia ya beta-2 inahusika, kisha nenda kwa CD11b na CD11c kila moja peke yake, halafu zote mbili pamoja. Kipimo cha nne, cha zote mbili pamoja, ndicho huachwa mara nyingi, nacho ndicho kingefichua ule ushindani ulioelezwa juu. Vipande vya kingamwili viitwavyo Fab, visivyo na mkia wa Fc ni bora kuliko kingamwili nzima, kwa kuwa makrofaji na nyutrofili zina vipokezi vya Fc vinavyoweza kuushika mkia huo na kuanzisha ishara zao wenyewe. Chembe za zaimosani, zitokanazo na ukuta wa hamira na zinazopendwa kwa urahisi wake, zina beta-glukani, kwa hiyo huita Dectin-1 na ile sehemu nyingine ya CD11b hata bila komplementi kuwapo. Zikitumiwa, lazima kuwe na sampuli iliyopewa seramu iliyopashwa hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 ili komplementi yake ife.

Katika dawa, historia ya kuzuia si ya kutia moyo. Protini iitwayo UK-279,276, iliyotokana na kizuizi ambacho minyoo ya safura ya mbwa hutumia dhidi ya nyutrofili kwa kukamata CD11b, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi katika jaribio la ASTIN, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 hayakuonyesha nafuu. Baada ya hapo baadhi ya watafiti waligeuza wazo: badala ya kuizuia CD11b, wakatafuta molekuli ndogo za kuichochea, kama leukadherin-1, kwa hoja kwamba seli inayoshika kwa nguvu kupita kiasi hupunguza mwendo wake kuelekea kwenye uvimbe. Mgeuko huo uliungwa mkono na jenetiki. Mwaka 2008 ilionyeshwa kwamba badiliko moja katika ITGAM, linaloweka histidini mahali pa arginini kwenye nafasi ya 77 ya CD11b, huongeza uwezekano wa kupata lupasi, na badiliko hilo hupunguza uwezo wa CR3 kumeza chembe zilizopakwa iC3b. Kwa mtafiti wa lupasi, basi, ushahidi wa kijenetiki unaelekeza kwa CR3, na zile seli B zenye CD11c zinamvuta upande wa pili. Mimi ningeanza na CR3 pale swali linapohusu usafishaji wa seli zilizokufa, na ningeiacha CD11c ifanye kazi yake ya kitambulisho tu.

Mahali ambapo jibu si CR3 wala CR4

Kuna hali moja ambamo kuchagua kati ya hivi viwili ni kupoteza muda. Mtoto mchanga ambaye kitovu chake kimechelewa kudondoka kupita kawaida, anayepata maambukizi ya bakteria ya mara kwa mara kwenye ngozi na utando wa kinywa, ambaye vidonda vyake havitoi usaha ingawa hesabu ya nyutrofili katika damu yake iko juu sana, hushukiwa kuwa na LAD ya aina ya kwanza, yaani upungufu wa kurithi wa CD18. Bila CD18, minyororo ya CD11 haifiki juu ya seli ipasavyo, hivyo CR3, CR4 na LFA-1 hupotea kwa pamoja. Nyutrofili zimejaa kwenye mshipa na haziwezi kutoka. Ndiyo maana hakuna usaha. Kipimo cha kuagiza ni CD18 kwa saitometria, yaani mashine inayohesabu alama juu ya seli moja moja, kikisindikizwa na CD11a na CD11b ili kuthibitisha kwamba zote zimeshuka. Chini ya asilimia 2 ya kiwango cha kawaida huhesabiwa kuwa hali kali, ambayo tiba yake ya kuponya ni kupandikiza seli mama za damu, na kati ya asilimia 2 na 30 huhesabiwa kuwa hali ya wastani.

Lakini wapo wagonjwa wachache ambao CD18 yao huonekana juu ya seli kwa kiwango kinachokaribia cha kawaida, ila haiwezi kushika kitu, na wapo wa LAD ya aina ya tatu, ambao integrini zao ni nzima lakini hawana kindlin-3, protini ya ndani inayozifungua. Hawa wa aina ya tatu huongeza dalili ya kutokwa na damu ovyo, kwa kuwa chembe sahani zao nazo zinaihitaji protini hiyohiyo. Kwa watoto hao kipimo cha wingi kitarudi kikiwa cha kawaida au karibu na kawaida, na daktari ambaye bado anaona kitovu kilichochelewa na vidonda visivyo na usaha aombe kipimo cha pili: nyutrofili zichochewe, kisha itazamwe kama zinashikamana na kama CBRM1/5 au kingamwili ya 24 inapata chochote cha kutambua.